Kusanidi shirikisho la BGP: ruta nne, AS ndogo tatu, namba moja kwa nje

BGP ndiyo itifaki ambayo mitandao ya intaneti huitumia kuambiana njia, na AS ni mtandao ulio chini ya uongozi mmoja na wenye namba yake. Ndani ya AS moja BGP ina sheria moja ngumu: njia uliyoambiwa na jirani wa ndani huruhusiwi kumwambia jirani mwingine wa ndani. Sheria hiyo ipo kwa sababu njia ikisafiri ndani ya AS haiongezewi namba yoyote, kwa hiyo hakuna alama ya kuonyesha imeshapita wapi. Ukiiachia izunguke, itazunguka. Matokeo yake ni kwamba kila ruta inabidi iwe na kikao na kila ruta nyingine. Ruta 4 ni vikao 6, hakuna anayelalamika. Ruta 20 ni vikao 190, na siku ukileta ya 21 unaingia kwenye zote 20 kuongeza mstari.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni ruta ya kuakisi njia, yaani ruta inayoruhusiwa kuwapitishia majirani wa ndani njia za wenzao, ambayo kanuni zake ziko kwenye RFC 4456 (RFC ni hati za kanuni za intaneti). Ya pili ni shirikisho, lililoandikwa kwanza kwenye RFC 1965 mwaka 1996, likarekebishwa 2001, na toleo linalotumika leo ni RFC 5065 la mwaka 2007. Shirikisho linaikata AS yako vipande. Kila kipande kinapewa namba yake ya ndani, ruta za kipande kimoja zinajuana zote kama kawaida, na kati ya kipande na kipande zinaongea kikao kinachofanana na cha nje. Dunia ya nje haioni vipande hivyo. Inaona namba yako moja ileile. Zile ruta 20 ukizigawa makundi manne ya tano tano, kila kundi lina vikao 10, jumla 40, ukijumlisha vichache vya kuunganisha makundi.

Nikiulizwa nichague, mtandao mmoja unaoendeshwa na timu moja naupa ruta za kuakisi na mambo yanaisha. Shirikisho nalipenda pale ambapo kampuni mbili zimeungana na kila moja ina mtandao wake na mazoea yake, au ambapo kila mkoa una timu inayotaka kushika sera zake bila kuomba ruhusa makao makuu. Hapo mipaka tayari ipo kwa watu, na unaiandika tu kwenye ruta.

Mfano tutakaoujenga ni wa mazoezi. Ujenge kwenye GNS3, EVE-NG au containerlab kabla hujagusa kifaa chenye wateja. Amri nimeziandika kwa mtindo wa Cisco IOS. FRR kwenye Linux inazielewa karibu zote vilevile, na mwishoni kuna mistari ya Junos, mfumo wa ruta za Juniper.

Ramani

Tuchukue mtoa huduma wa kubuni mwenye vituo vitatu: Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza. Namba yake ya nje ni 64500. R1 na R2 ziko Dar, R3 iko Dodoma, R4 iko Mwanza. Zimeungana kwa mstari:

```
AS 64510 --- R1 --- R2 --- R3 --- R4
           [ 65001   ]  [65002] [65003]
            Dar          Dodoma  Mwanza

R1-R2  10.0.12.0/30     Loopback0 ya R1  10.255.0.1
R2-R3  10.0.23.0/30     Loopback0 ya R2  10.255.0.2
R3-R4  10.0.34.0/30     Loopback0 ya R3  10.255.0.3
R1-nje 192.0.2.0/30     Loopback0 ya R4  10.255.0.4
```

Kwenye kila kiungo cha ndani, ruta ya kushoto ina .1 na ya kulia ina .2. Loopback0 ni anwani ya ruta yenyewe, isiyotegemea kiungo chochote kimoja. Kwa nje, anayetuuzia intaneti ana 192.0.2.1 na sisi tuna 192.0.2.2. Yeye anatutangazia 198.51.100.0/24, sisi tunatangaza 203.0.113.0/24 kutoka Mwanza. Anwani hizo za nje, pamoja na namba 64500 na 64510, zimetengwa kwa ajili ya mifano, kwa hiyo hata zikivuja hazimuumizi mtu.

Hatua ya 1: chagua namba za AS ndogo

Namba za ndani huchukuliwa kwenye fungu la binafsi, 64512 hadi 65534, au fungu kubwa la 4200000000 hadi 4294967294 kama ruta zako zote zinajua namba za biti 32. Kabla hujachagua, kagua wateja wako. Watoa huduma wengi huwapa wateja wasio na AS yao namba za fungu hilihili la binafsi. Mteja aliyepewa 65003 akiunganishwa kwenye R2, ruta yako itamwona kama mwanachama wa shirikisho, itajitambulisha kwake kwa 65001 badala ya 64500, naye ataikataa. Kikao hakitapanda, na fundi wa zamu atatafuta tatizo kwenye nyaya. Tenga fungu dogo la shirikisho, liandike kwenye daftari la anwani, na mtu asiligawe.

Hatua ya 2: OSPF kwanza

BGP haijui njia ya kufika popote ndani ya mtandao wako. Inaitegemea OSPF au IS-IS, itifaki za kutafuta njia ndani ya mtandao. Kwenye ruta zote nne weka:

```
router ospf 1
 passive-interface Loopback0
 network 10.0.0.0 0.255.255.255 area 0
```

Hii inashika viungo vya ndani na loopback zote, na inaiacha nje 192.0.2.0/30 kwa makusudi. Usiendelee mpaka R4 iweze kuifikia R1 kwa ping hivi: `ping 10.255.0.1 source Loopback0`. Isipojibu, kila utakachokiona kwenye BGP baadaye kitakuwa kinakudanganya.

Hatua ya 3: R2, ruta ya mpakani

Naanza na R2 kwa sababu ndiyo yenye majirani wa aina mbili: R1 wa nyumbani, na R3 wa AS ndogo nyingine.

```
router bgp 65001
 bgp router-id 10.255.0.2
 bgp log-neighbor-changes
 bgp confederation identifier 64500
 bgp confederation peers 65002 65003
 neighbor 10.255.0.1 remote-as 65001
 neighbor 10.255.0.1 update-source Loopback0
 neighbor 10.255.0.1 send-community
 neighbor 10.0.23.2 remote-as 65002
 neighbor 10.0.23.2 send-community
```

Mistari mitatu inabeba kila kitu. `router bgp 65001` ni namba ya kipande, si ya kampuni. `identifier 64500` ndiyo namba ya kampuni, ile inayoonekana nje, na lazima ifanane kwenye ruta zote. `peers` ni orodha ya vipande vingine vilivyo ndani ya nyumba moja. Namba yako mwenyewe huiweki humo kwenye Cisco.

Orodha ya `peers` ndiyo inayoamua ruta ijitambulishe vipi. Jirani aliye kwenye orodha anaambiwa "mimi ni 65001". Jirani asiye kwenye orodha na asiye wa kipande changu anaambiwa "mimi ni 64500". Ukilikumbuka hilo, makosa mengi ya shirikisho utayasoma kwenye logi bila kubahatisha.

Kwa ukali, R2 inahitaji 65002 peke yake kwa sababu 65003 haijaungana nayo moja kwa moja. Mimi huandika wanachama wote kila mahali. Siku Mwanza ikiletewa nyuzi ya kwenda Dar moja kwa moja, jambo moja la kusahau litakuwa limepungua.

Hatua ya 4: Dodoma na Mwanza

R3:

```
router bgp 65002
 bgp router-id 10.255.0.3
 bgp log-neighbor-changes
 bgp confederation identifier 64500
 bgp confederation peers 65001 65003
 neighbor 10.0.23.1 remote-as 65001
 neighbor 10.0.23.1 send-community
 neighbor 10.0.34.2 remote-as 65003
 neighbor 10.0.34.2 send-community
```

R4:

```
ip route 203.0.113.0 255.255.255.0 Null0
!
router bgp 65003
 bgp router-id 10.255.0.4
 bgp log-neighbor-changes
 bgp confederation identifier 64500
 bgp confederation peers 65001 65002
 network 203.0.113.0 mask 255.255.255.0
 neighbor 10.0.34.1 remote-as 65002
 neighbor 10.0.34.1 send-community
```

Ule mstari wa Null0 (kiolesura cha kutupia pakiti) upo ili `network` iwe na kitu cha kutangaza. BGP haitangazi bloku ya anwani ambayo haimo kwenye jedwali la njia.

Ona kwamba vikao vya kati ya vipande nimevifunga kwenye anwani za kiungo, si loopback. Kwenye Cisco, kikao cha aina hii huchukuliwa kama cha nje katika suala la TTL, yaani pakiti inaruhusiwa hatua moja tu. Ukitaka loopback kwa sababu una viungo viwili kati ya R2 na R3, ongeza pande zote mbili `update-source Loopback0` na `ebgp-multihop 2`. Bila huo mstari wa pili kikao kitabaki Idle au Active na hakitakuambia sababu.

Hatua ya 5: R1 na mlango wa nje

```
ip prefix-list ZETU seq 5 permit 203.0.113.0/24
ip prefix-list TOKA-JUU seq 5 permit 198.51.100.0/24
!
router bgp 65001
 bgp router-id 10.255.0.1
 bgp log-neighbor-changes
 bgp confederation identifier 64500
 bgp confederation peers 65002 65003
 neighbor 10.255.0.2 remote-as 65001
 neighbor 10.255.0.2 update-source Loopback0
 neighbor 10.255.0.2 next-hop-self
 neighbor 10.255.0.2 send-community
 neighbor 192.0.2.1 remote-as 64510
 neighbor 192.0.2.1 prefix-list TOKA-JUU in
 neighbor 192.0.2.1 prefix-list ZETU out
```

R1 haina jirani hata mmoja wa kipande kingine, na wapo mafundi wanaodhani kwa hiyo haihitaji `identifier`. Inaihitaji kuliko zote. Ikikosekana, R1 itamwendea 64510 ikijiita 65001, naye amesanidi 64500, na mlango wa nje unafungwa.

Huhitaji `remove-private-as` kwa ajili ya shirikisho. Njia inapotoka nje, R1 inaondoa yenyewe vipande vya ndani na kuweka 64500 mahali pake. Nimekuta amri hiyo imebandikwa kwenye mitandao ya shirikisho kama hirizi. Haina kazi pale, labda kama una wateja wenye AS binafsi, ambalo ni suala jingine.

Wanaotumia FRR wazingatie kitu kimoja. Kwa mipangilio yake ya kawaida, kikao cha nje kisicho na sera ya kuingia na ya kutoka hupanda lakini hakipitishi njia hata moja, na `show bgp summary` huonyesha neno `(Policy)` pale unapotarajia idadi. Hizo orodha mbili za hapo juu zinatosha kuiridhisha.

Hatua ya 6: hakiki kutoka mwisho mmoja hadi mwingine

Nenda R4, mwisho wa mstari:

```
R4# show ip bgp 198.51.100.0
  (65002 65001) 64510
    10.255.0.1 (metric 4) from 10.0.34.1 (10.255.0.3)
      Origin IGP, metric 0, localpref 100, valid, confed-external, best
```

Soma taratibu. Mabano ya `(65002 65001)` ndiyo njia ya ndani ya shirikisho. Imetoka Dar ikapita Dodoma. Nje ya mabano kuna 64510, AS ya kweli. `confed-external` inamaanisha njia imeletwa na jirani wa kipande kingine. Ukiuliza R1 kuhusu 203.0.113.0 utaona `(65002 65003)` na `confed-internal`, kwa kuwa imeletwa na R2 wa kipande kilekile. Na upande wa 64510, bloku yetu inaonekana na njia yenye namba moja tu, 64500. Ikionekana namba yoyote ya 65000 na kitu huko nje, simama hapo hapo.

Angalia pia jedwali lenyewe, `show ip route bgp`. Kwenye Cisco njia hizi zinaingia kwa umbali (kipimo cha kuaminiwa kwa njia) wa 200 kama za ndani, si 20 kama za nje. Ni sahihi.

Hopu inayofuata

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Kikao cha kawaida cha nje hubadilisha hopu inayofuata, yaani anwani ambako pakiti za njia hiyo zinapelekwa, kila njia inapovuka mpaka. Kikao cha kati ya vipande hakibadilishi. Ndiyo maana R4 iliyo Mwanza inaona 10.255.0.1, anwani ambayo R1 iliyo Dar iliiweka kwa `next-hop-self`, na wala si ya R3 iliyo jirani yake. LOCAL_PREF (kipaumbele cha njia ndani ya AS) na MED (dokezo kwa AS jirani kuhusu mlango wa kuingilia) nazo zinavuka bila kuguswa: ukiweka LOCAL_PREF 200 pale R1, Mwanza itaiona 200.

Jaribu kwa makusudi: ondoa `next-hop-self` kwenye R1, kisha `clear ip bgp * soft`. Nenda R2 na uliza tena:

```
  64510
    192.0.2.1 (inaccessible) from 10.255.0.1 (10.255.0.1)
```

Njia imefika, kikao kiko juu, lakini OSPF haiijui 192.0.2.1, kwa hiyo R2 haiichagui, na njia isiyochaguliwa haitangazwi. R3 na R4 hazitasikia chochote. Fundi aliyeko Mwanza atasema njia haiji, ilhali kosa liko ruta tatu mbali naye. Kila mara njia ikipotea kwenye shirikisho, rudi nyuma ruta moja moja hadi ukutane na neno `inaccessible`.

Hayo yanafaa kama OSPF ni moja kwa shirikisho zima. Kama kila kipande kina OSPF au IS-IS yake, kama inavyokuwa kampuni zikiungana, Mwanza haiwezi kuijua 10.255.0.1. Hapo unaweka `next-hop-self` kwenye kila kikao cha mpakani, pande zote mbili, na kwenye vikao vya ndani vya ruta za mpakani pia. Inafanya kazi, ila kuna bei. Ruta inapopima urefu wa njia, namba zilizo ndani ya mabano hazihesabiwi. `(65002 65001) 64510` na `(65001) 64510` zote zina urefu wa 1. Ukiwa na OSPF moja hilo halina madhara makubwa, maana pakiti zinafuata OSPF kwenda kwenye hopu ileile. Ukiwa na OSPF tofauti na hopu zinazobadilika mpakani, Mwanza inaweza kuchagua kuzunguka Dodoma wakati nyuzi ya moja kwa moja ipo. Iamue kwa LOCAL_PREF, au panga vipande viwe kama mti: kipande kimoja cha uti wa mgongo katikati, na vingine vyote viunganishwe kwacho tu.

Kipande kupasuka katikati ni hatari nyingine ya OSPF tofauti. Tuseme 65001 ina vituo viwili, kiungo kati yao kikakatika. Vituo hivyo bado vinafikiana kupitia 65002, lakini kila kimoja kikipokea njia za mwenzake kitakuta 65001 ndani ya mabano, kitadhani ni mzunguko, na kitazitupa. Ukiwa na OSPF moja na vikao vya ndani vikiwa kwenye loopback, kikao kinazungukia Dodoma na maisha yanaendelea. Kwa sababu hiyo kipande ambacho ndani yake kinategemea kiungo kimoja nisingekiita kipande.

Makosa na sura zake

Ukisahau `peers` kwenye R2, R3 itaandika hivi kwenye logi:

```
%BGP-3-NOTIFICATION: sent to neighbor 10.0.23.1 passive 2/2
 (peer in wrong AS) 2 bytes FBF4
```

FBF4 ni 64500 kwa namba za msingi wa 16. R3 ilimtarajia 65001, ambayo ingekuwa FDE9, lakini R2 imejitambulisha kwa jina la kampuni. Kwa hiyo orodha ya R2 ndiyo yenye kasoro, hata kama R3 ndiyo inayopiga kelele. Ukiona FDE9 kwenye malalamiko ya mtoa huduma wa juu, maana yake ni kinyume: ruta yako ya mpakani haina `identifier`.

Kama kikao kimepanda lakini njia hazipiti kati ya R1 na R3, angalia kama R1 na R2 zina kikao kweli. Ndani ya kipande, wavu kamili bado ni lazima. Kipande kikikua, hakuna kinachokuzuia kuweka ruta ya kuakisi ndani yake. Dawa hizo mbili zinakubaliana.

Kama chaguo la njia linabadilika badilika lenyewe bila kiungo kuanguka, shuku MED. Tabia hiyo imeelezwa kwenye RFC 3345 ya mwaka 2002. Weka `bgp deterministic-med` kwenye ruta zote. Amri ya `bgp bestpath med confed` inalinganisha MED kati ya njia za wanachama wa shirikisho. Ukiiweka, iweke kote au usiiweke kabisa. Ruta moja ikipima tofauti na jirani yake, kila moja inaweza kuirushia mwenzake pakiti.

Komyuniti

Komyuniti ni lebo zinazobandikwa kwenye njia. Nimeandika `send-community` kwenye vikao vyote vya ndani ya shirikisho kwa sababu Cisco haizipeleki usipoiamrisha. Ndani ya shirikisho komyuniti mbili zinakuwa na maana tofauti. `no-export` inaizuia njia kutoka nje ya shirikisho zima, lakini kati ya 65001 na 65003 inapita. `local-AS` inaizuia isitoke hata nje ya kipande chake. Kama Mwanza ina bloku za usimamizi zisizohusu mkoa mwingine, zifunge hivi:

```
route-map MWANZA-TU permit 10
 set community local-AS
!
router bgp 65003
 network 10.40.0.0 mask 255.255.255.0 route-map MWANZA-TU
```

Zitafika ruta zote za 65003 na hazitavuka kwenda R3. Ukihitaji zifike Dar lakini zisimfikie 64510, badilisha iwe `no-export`.

Kwa Junos

Dodoma ikiwa na Juniper, R3 inaandikwa hivi:

```
set routing-options autonomous-system 65002
set routing-options confederation 64500 members [ 65001 65002 65003 ]
set protocols bgp group kwa-dar type external
set protocols bgp group kwa-dar neighbor 10.0.23.1 peer-as 65001
set protocols bgp group kwa-mwanza type external
set protocols bgp group kwa-mwanza neighbor 10.0.34.2 peer-as 65003
```

Tofauti na Cisco, orodha ya `members` inaijumuisha namba yako mwenyewe. Ukichanganya vifaa, hapo ndipo nakili-bandika inapokosea.

Kuhamisha mtandao ulio hai

Ruta ya Cisco haikubali kubadilishiwa namba ya `router bgp`. Unaifuta yote na kuiandika upya. Kuhamisha ruta moja leo na nyingine wiki ijayo nako hakuendi vizuri, kwa sababu ruta iliyobaki kwenye 64500 ya zamani na iliyohamia 65001 yenye jina la 64500 haziwezi kuwa ndani ya AS moja, na njia zitakataliwa kwa kuonekana kama mzunguko. Omba usiku mmoja, waarifu wateja, na andaa faili la kila ruta mapema ukiwa umelijaribu kwenye mazoezi.

OSPF usiiguse usiku huo. Ndiyo itakayokufikisha kwenye loopback za ruta wakati BGP haipo. Kwenye ruta ya mlango weka njia chaguo-msingi ya kudumu kuelekea 192.0.2.1 na uisambaze kwa `default-information originate` chini ya OSPF, ili wateja wa ndani wawe na pa kutokea hata jedwali la BGP likiwa tupu. Bloku yako itangaze kutoka R1 yenyewe kwa njia ya Null0, kama tulivyofanya Mwanza, ili tangazo la nje lirudi mara kikao na 64510 kinapopanda bila kuisubiri Mwanza imalize. Milango ikiwa miwili, badilisha mmoja, hakiki, ndipo uende wa pili.

Kwa nje hakuna anayepaswa kubadilisha chochote. Mtoa huduma wako wa juu anaendelea na `remote-as 64500`. ROA (kumbukumbu zinazoonyesha AS iliyoruhusiwa kuanzisha bloku) ulizosajili AFRINIC, msajili wa anwani za intaneti wa Afrika, zinabaki zilivyo, kwa kuwa AS inayoonekana kuanzisha bloku ni ileile. Ukimaliza, fungua RIPEstat, tovuti ya kuangalia matangazo ya BGP, weka bloku yako, na uangalie AS iliyoandikwa kama chanzo. Kule taarifa huchelewa kidogo, kwa hiyo mpigie kwanza fundi wa zamu wa mtoa huduma akusomee anachokiona kwenye ruta yake.